Uzoefu wangu na CERN Open Data: chembe ya Z nimeiona kwenye laptopu yangu mwenyewe

Fizikia ya chembe nimeisoma miaka mingi, lakini LHC, ile mashine ya kugonganisha protoni ya CERN (maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe), nilikuwa naijua kwa picha tu, lile duara la kilomita 27 chini ya ardhi kule Geneva, na akilini mwangu data zake zilikuwa za wenyewe. Kumbe tangu 2014 CERN wana tovuti ya data huria, hujisajili, huombi ruhusa kwa mtu, unafungua unashusha basi.

Nilianza vibaya kidogo. Nilivamia seti kubwa za 2010 za CMS, kimoja cha vigunduzi vya LHC, diski ikajaa kabla hata sijafika nusu, na hata zingeshuka zote nisingezifungua siku ile, kwa sababu zile zinataka programu za CMS za enzi hizo na unaziendesha kwa mfano ndani ya kontena ya Docker, yaani kifurushi kinachobeba programu na mazingira yake ya zamani. Kwa hiyo ushauri wangu, wewe anza na faili dogo la CSV (jedwali la maandishi matupu) lenye jozi 100,000 za muoni, chembe kama elektroni ila nzito zaidi.

Hapo ndipo utamu ulipo. Kila mstari ni mgongano mmoja wa protoni kweli, una nishati ya kila muoni, mwendo wake (momentum) kwa pande tatu na chaji yake. Mwishoni kuna safu ya M, masi ya jozi nzima imeshapigiwa hesabu, ila mimi sikutaka ya kupewa, nikajumlisha nishati nikaziweka kipeo cha pili, nikatoa kipeo cha pili cha jumla ya mwendo, nikachukua kipeuo. Ikalingana. Nikachora histogramu kwa skeli ya logi na vilima vikatokea, kila kimoja ni chembe iliyovunjika ikazaa jozi ya muoni: J/psi kwenye 3.1 GeV (kipimo cha masi na nishati za chembe), upsiloni karibu na 9.5, halafu kule mbali kwenye 91 imesimama Z. Nikabakiza jozi zenye chaji sawa tu, vilima vyote vikapotea, kama inavyotakiwa, maana chembe hizo hazina chaji na muoni zake lazima ziwe na chaji kinyume. Aisee nilikaa naitazama ile grafu muda mrefu sana.

Faili za ROOT, programu ya CERN ya kuchambua data, nazo usiziogope, maktaba ya uproot inazisoma ndani ya Python bila kuinstoli ROOT yenyewe. Seti zina namba ya DOI, ya kudumu ya kuzinukuu, na data nilizotumia ziko chini ya leseni ya CC0, yaani fanya nazo upendavyo.

Data mpya za juzi usitegemee, sera yao ya 2020 inasema zianze kutoka kama miaka mitano baada ya kukusanywa, na mimi naona ni haki kabisa, waliokesha na kile kigunduzi wafaidi kwanza. ATLAS, kigunduzi kingine cha LHC, wameshatoa za migongano ya 13 TeV (TeV ni GeV elfu moja) mwaka 2024.

Sasa hivi niko na ule mfano wa chembe ya Higgs kuvunjika kuwa leptoni nne (elektroni au muoni), data za 2011 na 2012. Pale kwenye 125 GeV, masi ya Higgs, matukio ni machache mno, nataka niyapitie moja moja.