Uzoefu wangu: regyuleta na kronografu kwenye bunduki ya upepo

Bunduki yangu ni ya milimita 5.5, yenye mtungi wa kujaza kwa pampu hadi bar 200 (bar ni kipimo cha presha). Nilipoagiza regyuleta (kifaa cha kutuliza presha ya upepo) na kronografu (kifaa cha kupima kasi ya risasi), akili yote ilikuwa kwenye nguvu.

Nianze na kronografu, maana ndiyo iliyonifumbua macho. Kabla ya kugusa skrubu yoyote nilipiga mtungi mzima, nikiandika kasi ya kila risasi daftarini. Ya kwanza ilitoka na mita 238 kwa sekunde. Ya kumi na sita ikafika 256, kisha zikaanza kushuka. Mtungi ukijaa sana, upepo wenyewe unaibana valvu, yaani mlango wa kutolea upepo. Ukivuta kifyatulio, nyundo ya ndani inaigonga lakini valvu haifunguki vya kutosha. Presha ikipungua kidogo ndipo inafunguka vizuri. Kumbe ndiyo sababu shabaha yangu ya mita 50 ilikuwa na matundu yaliyojipanga wima kama vifungo vya shati! Miezi yote hiyo nilikuwa nailaumu darubini.

Nikaikaza springi ya nyundo mizunguko miwili. Kasi ikapanda hadi 272 na mlio ukawa mkali, ila risasi zenye kasi inayokaribiana zikawa 11 tu kwa mtungi. Kupampu kwa mkono kwa ajili ya risasi 11 ni adhabu.

Regyuleta inakaa kati ya mtungi na valvu, ili valvu ipate presha ileile kila mara. Yangu ilikuja imepangwa bar 130. Kabla ya kufungua chochote toa upepo wote, hata kama inachukua muda, na oringi (pete za mpira za kuzuia upepo usivuje) uzipake grisi ya silikoni peke yake. Mafuta ya mashine yakikutana na upepo wa presha kubwa yanaweza kuwaka humo ndani. Hapo usibahatishe.

Kulipokucha siku ya pili, geji ya regyuleta ilikuwa imepanda yenyewe hadi karibu bar 150, na risasi ya kwanza ikatoka polepole kuliko zote. Nikafungua tena. Kwenye kiti cha pistoni, pale regyuleta inapouzuia upepo, kulikuwa na kichane cha chuma chembamba kama unywele. Nilikitoa, nikasafisha, na tangu hapo sindano haijasogea. Kifaa kipya hakitakiwi kuja na uchafu wa kiwandani, na kwa hilo nimekatisha alama moja.

Kuirekebisha bunduki ndiko kulikonipa raha. Nilikaza springi ya nyundo robo mzunguko, nikapiga risasi tano, nikaandika, nikakaza tena, mpaka kasi ikagoma kupita 262. Kukaza zaidi ya hapo ni kumwaga upepo bure. Ndipo nikairudisha nyuma hadi 252. Sasa napata risasi 34 kutoka bar 200 hadi 130, na tofauti kati ya ya kasi na ya polepole haizidi mita 4. Kwa risasi za gramu 1.03 hiyo ni joule 33 hivi. (Angalia sheria ya unakoishi kwanza, Ujerumani, kwa mfano, ukipita joule 7.5 unahitaji kibali.)

Nilijaribu pia risasi nzito za gramu 1.175. Zilipiga kwa nguvu zaidi, lakini mtutu wangu hauzipendi, zinatawanyika. Zile nyepesi, tano kwa mita 50, zinafunikwa na sarafu ndogo, na ule mstari wa wima umetoweka.

Regyuleta naipa nyota nne, kronografu tano. Kama pesa yako inatosha kimoja tu, chukua kronografu: hata bila regyuleta ingenionyesha kwamba nisijaze zaidi ya bar 170 na nisishuke chini ya 130, na matundu mengi yangekaa pamoja.