Yamaha PSR-E463: kumbukumbu ya ndani ndiyo inayonifundishia kwaya

Wengi wanaoniuliza kuhusu kinanda hiki wanataka kujua kama kinaweza kutoa wimbo bila kwenda studio. Kazi hiyo ina rekoda yake ya sauti, inayohifadhi faili la sauti la WAV kwenye flashi. Ni safi, sina neno. Ila mimi nimekipendea kitu kingine kabisa, nacho ni kumbukumbu yake ya ndani.

Ina nafasi ya nyimbo 10, na kila wimbo una traki 6, yaani njia za kurekodia moja moja: 5 za melodi na 1 ya mdundo na kodi (noti zinazopigwa pamoja). Kwa mwalimu wa kwaya, hapo umepewa kila kitu. Sauti ya kwanza naipiga kwa mlio wa filimbi, ya pili kwa klarineti, ya tatu kwa selo, besi kwa tromboni, kila moja na traki yake. Traki ya tano inabaki ya utangulizi. Nashikilia kitufe cha REC, nabonyeza namba ya traki, inaanza kumweta kwenye skrini, na hakirekodi chochote mpaka niguse kibao cha kwanza. Hakuna kukimbizana. Metronomu, ile inayohesabu mapigo, iwashe tu. Mlio wake hauingii kwenye rekodi, lakini traki ya kwanza ikiyumba, zinazofuata zote zitayumba nayo.

Utamu wenyewe uko mazoezini. Sauti ya tatu wakipotea (na watapotea), nazima traki nyingine wasikie njia yao peke yake. Wakishaishika nawarudishia besi, halafu sauti ya kwanza. Kasi naishusha ninavyotaka na ufunguo wa wimbo (kimo cha sauti) haubadiliki, maana kilichohifadhiwa mle ni maelezo ya vibao: kipi kimebonyezwa, saa ngapi, kwa nguvu gani. Mikono yangu miwili iko huru kuongoza. Kabla ya hapo nilikuwa napiga kwa mmoja, napunga kwa mwingine, na macho nayatumia kuwanyamazisha wanaoongea nyuma.

Kwa kuwa kinahifadhi maelezo ya vibao tu, usitegemee kuimba humo. Sauti ya mtu haiingii. Wala si mahali pa kurekebisha noti moja iliyoteleza katikati: traki hiyo inapigwa upya. Ndiyo maana nyimbo zenye beti nyingi narekodi ubeti mmoja na kiitikio, basi, tunarudiarudia. Na kama unataka mdundo, amua kabla hujabonyeza REC.

Nafasi 10 hujaa mara moja Krismasi ikikaribia. Wimbo tuliokwisha kuushika nauhamishia kwenye flashi kama faili la midi (maelezo ya vibao, si sauti), ambalo hata programu za nota za kompyuta hulifungua, kisha naufuta upishe mwingine.

Jambo la umeme lisome vizuri kama unaishi tunakoishi sisi. Ukimaliza kurekodi, kinanda huchukua muda kidogo kuandika kwenye kumbukumbu, usikizime hapo. Na kuwa na betri ndani hakukupi kinga: kitabu chake cha maelekezo kinaonya kwamba kuchomeka au kuchomoa adapta huku betri zimo kunaweza kukizima na kupoteza unachorekodi. Siku ambayo umeme unacheza, mimi nachomoa adapta kabla sijaanza na kurekodi kwa betri pekee, 6 za AA, tena mpya.