Ledger Nano S Plus kwa asiyejua Kiingereza: kazi iko kwenye maneno 24

Kama kifaa cha kutunzia Bitcoin, Ledger Nano S Plus inastahili sifa. Kama kifaa cha Mswahili, ina pengo: kioo chake hakina Kiswahili. Menyu si shida kubwa. Vitufe ni viwili, cha kulia kinasogeza mbele, cha kushoto kinarudisha nyuma, na ukivibonyeza kwa pamoja umethibitisha. Namba ya siri ni tarakimu 4 hadi 8. Ukiikosea mara 3 mfululizo, kifaa kinajifuta. Wengi huzoea ndani ya siku moja.

Balaa liko kwenye maneno 24 ya kurejeshea pochi (hazina yako ya Bitcoin) yanayotokea kwenye kioo siku ya kwanza, maana mwenye maneno hayo ndiye mwenye pesa. Yanatoka kwenye orodha ya BIP-39, kiwango kinachotumiwa na pochi nyingi, yenye maneno 2,048. Zipo orodha za Kihispania, Kifaransa, Kijapani na lugha nyingine kadhaa, lakini ya Kiswahili haimo, na Ledger yenyewe inatumia ya Kiingereza tu.

Usiyatafsiri kamwe. Ukiandika "dunia", siku ya kurejesha pochi hutajua kama lilikuwa "world" au "earth", na yote mawili yamo. "Imani" inaweza kuwa "faith" au "trust". Pia usikubali kusomewa: "glass" na "grass", "loyal" na "royal", "light" na "right" yote yamo kwenye orodha, na kwa sikio ambalo lugha ya nyumbani haitenganishi r na l, ni neno lilelile. Nakili kutoka kwenye kioo hadi karatasi, herufi kwa herufi, kwa herufi kubwa, pamoja na namba ya kila neno, maana mpangilio ukivurugika pochi haifunguki. Huna haja ya kuelewa maana. Tena herufi 4 za mwanzo zinatosha kutofautisha kila neno. Neno la herufi 3 liandike lote.

Anayemwita kijana wa jirani "anayejua Kiingereza" amsaidie kuandika amempa ufunguo wa pesa zake zote. Hiyo ndiyo gharama halisi ya lugha hapa, na inaumiza zaidi wazee na akina mama wa vikundi vya akiba.

Ukikosea neno moja kati ya 24, kifaa karibu kila mara kitakataa, kwa sababu neno la mwisho limebeba hesabu ya ukaguzi. Kwenye pochi za maneno 12 ukaguzi ni mwembamba: kosa moja kati ya 16 hivi hupita, pochi inafunguka ikiwa tupu, na mtu anadhani ameibiwa.

Msaada wa Ledger mtandaoni nao hauna Kiswahili. Anayeuliza kwa Kiswahili kwenye kundi la Telegram hufuatwa inbox na "huduma kwa wateja" na kupewa linki ya kujaza maneno. Taarifa za wateja wa Ledger, zikiwemo anwani za nyumbani, zilivuja mwaka 2020, kwa hiyo matapeli hutuma hata barua. Kampuni haiombi maneno hayo kwa lugha yoyote. Ukurasa unaoyaomba kwa Kiswahili kizuri ni wa mwizi.

Waya wa kwenye boksi ni wa kompyuta; kwa simu ya Android nunua adapta ya OTG, kiunganishi cha kuchomeka waya wa USB kwenye simu.

Kabla ya kuweka pesa, pima. Nakili anwani yako ya kupokelea, kosea namba ya siri mara 3 makusudi kifaa kijifute, kisha rejesha kwa karatasi yako bila msaada wa mtu. Anwani ikiwa ileile, tuma kiasi kidogo kwanza. Ikiwa tofauti, anza upya kwa maneno mapya na uichome karatasi ya zamani.