Huduma ya dharura ya moyo kwa watoto wachanga
Mjukuu wangu wa wiki sita alifikishwa hospitali ya rufaa akikataa kunyonya na akihema kwa shida, na kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha mapigo 260 kwa dakika, ilhali mtoto wa umri huo kwa kawaida huwa na kati ya 100 na 160. Nawasifu wauguzi bila kusita. Waliweka mfuko wa barafu usoni kwa sekunde chache, bila kuziba pua wala mdomo, kwa kuwa baridi huamsha neva inayopunguza kasi ya moyo. Iliposhindikana, daktari alisukuma adenosini, dawa ya kurudisha mapigo ya kawaida, mshipani kwa kasi, ikifuatiwa papo hapo na maji ya chumvi, kwani dawa hiyo huisha nguvu ndani ya sekunde chache tu. Mstari wa mapigo kwenye skrini ulinyooka kwa muda mfupi, tukashika roho mkononi, kisha mapigo yakatulia kwenye 140.

Kasoro ilikuwa kwenye duka la dawa: propranolo ya maji, dawa ya kuzuia mapigo yasipande tena, haikuwapo, mama mtoto akapewa vidonge vya kusaga na kugawa mwenyewe, jambo la hatari kwa dozi ndogo kiasi hicho. Huduma hii naipendekeza, mradi mdai maelezo ya dozi kwa maandishi kabla ya kuruhusiwa.