Kozi ya kuchora sura kwa rangi za mafuta, mwezi wa pili sasa na mama kaniambia nimemnyima shingo

Nilinunua kozi ya mtandaoni, video kama 12 hivi, mwalimu mzungu mmoja mpole anaongea taratibu. Nilikua nachora kwa penseli tangu sekondari, watu wanasifia "imefanana kama picha ya simu", na mi ndo nilichochoka nacho, nilitaka sura yenye uhai.

Kimbembe cha kwanza ni vifaa. Kariakoo ukisema rangi za mafuta unapewa kopo la kupakia milango, ile ile wanayochorea Tingatinga kwenye hadibodi. Kwa Tingatinga ni sawa kabisa, inang'aa na inakauka fasta, lakini kwa kazi hii unahitaji ya tyubu inayokaa mbichi siku kadhaa ili uichezee. Nikaagiza tyubu chache, na bei yake usimwambie mtu nyumbani.

Sasa somo lililonibadilisha ni la Frans Hals, mchoraji Mholanzi wa miaka ya 1600. Mwalimu anakuza mkono aliouchora, kwa karibu ni mikwaruzo tu, kama mtu alikua anafuta brashi, ukirudi nyuma hatua tatu ni mkono kabisa na vidole vyake. Alafu anakupa zoezi, chukua brashi pana kama ya fundi, finya macho mpaka uone mwanga na kivuli tu, weka rangi mara moja ACHA, usirudi kulainisha. Jamani ni ngumu! Mkono unawasha kurudi. Picha nne za kwanza za mama nimezikwangua zote kwa kisu, na kumbe hata ule ukwanguaji unaacha kitu kizuri chini, shavu la mama mpaka leo lina alama ya picha iliyofutwa na ndo sehemu naipenda kuliko zote.

Ninapomlaumu mwalimu ni kwenye ngozi. Anafundisha rangi nne tu, nyeupe, oka ya njano (ile njano ya udongo), nyekundu na nyeusi, mtindo wa mchoraji Anders Zorn wa Sweden, na kweli nyeusi ukiichanganya na nyeupe inajifanya bluu nilishangaa sana. Ila watu wake wote kwenye video ni weupe, na mimi nilivyofuata kila akitaka mwanga anaongeza nyeupe, mama akatoka kama kapakwa majivu, kaangalia akasema "huyu mgonjwa ni nani?" Nikatafuta njia mwenyewe: kahawia iliyochomwa na bluu nzito kwa kivuli, mwanga nikapandisha kwa oka na nyekundu, na kwenye paji la uso pale anga linapong'aa nikaweka bluu kidogo, ngozi nyeusi inaakisi anga bana, kaa dirishani uangalie. Nyeupe tupu ikabaki nukta moja ya pua.

Kitu kingine mwalimu kakipitia kwa sekunde kumi wakati ni cha hatari, matambara yenye mafuta ya linsidi (mafuta ya mbegu za kitani yanayochanganywa na rangi) yanajipasha moto yenyewe yakikunjwa kwenye pipa na yanaweza kuwaka, yaanike nje yakiwa yametandazwa au yaloweke kwenye kopo la maji. Na tapentaini kwenye chumba kimoja cha kupanga, chandarua changu kinanuka mpaka leo, fungua madirisha. Lile la tabaka la chini liwe na tapentaini na la juu liwe na mafuta zaidi kalieleza vizuri lakini, ukigeuza rangi inapasuka.

Nyota nne kati ya tano. Sehemu ya pili inahusu mikono na mabega, nimeshalipia, maana mama anadai shingo yake na hataki picha itundikwe sebuleni mpaka aipate.