TAHADHARI: Anayeuza turbo za "VF34 mtumba wa Japani" kwa 950,000, usimtumie hela

Wakuu, nawaandikia hasa wenye Subaru Forester SG5 na Impreza zenye injini ya EJ205, maana ndio mnaowindwa. Kuna muuzaji anapita kwenye makundi ya WhatsApp na Instagram akitangaza turbo, vile vifaa vya kusukuma hewa ya ziada kwenye injini, za kampuni ya IHI aina ya VF34, "mtumba safi wa Japani, beringi za gololi", kwa shilingi 950,000. Mimi nimenunua kwake. Nilicholetewa ni turbo ya kuiga iliyogongwa chapa ya IHI, na shafti yake ilikatika kabla sijamaliza kilometa 300. Nimeshakutana na wenzangu watatu waliotumiwa video ile ile niliyotumiwa mimi: turbo imewekwa juu ya mkeka wa kijani, mkono wenye glovu nyeusi unazungusha mapanga kwa kidole, na yanazunguka muda mrefu bila kelele.

Ukiona huo mkeka wa kijani, ishia hapo hapo.

Nieleze ilivyokuwa, maana jamaa anajua anachoongea na si rahisi kumshtukia. Gari yangu ilikuja na TD04 ya Mitsubishi, turbo ndogo inayoamka mapema lakini juu inaishiwa pumzi. Kwa mtu wa kipato changu, VF34 ndiyo hatua ya kawaida inayofuata: inakaa mahali pale pale, na ikiwa halisi ni ya gololi, kwa hiyo haichelewi sana kuamka. Nilikuwa nimeshanunua injekta na pampu ya petroli. Bei nilizokuwa nimeulizia kwingine zilikuwa kati ya 1,600,000 na 2,000,000. Huyu aliposema 950,000 nilimuuliza kwa nini yeye yuko chini hivyo. Akajibu bila kusita kwamba analeta mwenyewe kontena la injini za mtumba, hana dalali katikati. Jibu lilinikaa akilini, nikaamini.

Nipo Dodoma, yeye anadai yuko Kariakoo. Tukakubaliana nitangulize 500,000, nyingine nimalizie akishanitumia picha ya risiti ya basi. Wakati natuma hela, jina lililotokea kwenye simu halikuwa jina alilojitambulisha nalo. Nikamuuliza, akasema, "Bosi wangu, hiyo ni laini ya shemeji, yangu imejaa." Pale nilipaswa kusimama. Nilimwomba pia aweke turbo karibu na karatasi yenye jina langu na tarehe ya siku hiyo, apige picha. Akasema mzigo umeshafungwa. Nikaona aibu kumsumbua mtu mzima kwa kumshuku, nikamalizia 450,000.

Mzigo nilipoupokea stendi ulionekana mzuri. Safi mno, kwa kweli, na hilo tu lingetosha kunitia shaka: nyumba ya moshi ya turbo iliyotembea huwa na kutu na rangi ya kuungua, hii ilikuwa ya kijivu kama imepakwa. Kibati cha namba kilikuwepo, namba inaanza na 14411 kama zilivyo namba za turbo za Subaru. Ila ribiti zake zilikuwa zinang'aa kuliko kibati chenyewe. Kibati ni kitu cha kugonga kwa nyundo, wakuu, kisiwe ushahidi wenu wa pekee.

Fundi wangu alifunga kwa utaratibu, na hili nalisisitiza kwa sababu ya kilichofuata. Kwenye hizi injini ile boliti yenye tundu inayopeleka oili kwenye turbo ina kichujio kidogo cha wavu. Kikiziba, turbo inakufa kwa kukosa oili. Alikitoa, akakisafisha, akanionyesha. Akaweka gasketi mpya na oili mpya, akajaza oili ndani ya turbo kwa mkono, akazungusha injini bila kuiwasha mpaka oili ikafika. Yote hayo nilirekodi kwa simu. Akaniambia nisikanyage mpaka kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ipangwe upya, kwa sababu turbo kubwa inasukuma hewa nyingi zaidi, na petroli isipoongezwa kwa kipimo injini inagonga na pistoni zinavunjika kingo. Nikaondoka taratibu kwenda Dar kwa mtu wa kupanga.

Kabla ya Gairo nikaanza kusikia mluzi. Haukuwa mluzi wa kawaida wa turbo, ulikuwa kama king'ora kinachopanda na kushuka kufuata ninavyokanyaga mafuta. Dakika chache baadaye ukatokea mlio wa chuma, nguvu zikaisha, na nyuma moshi wa bluu ukafunika barabara. Nilizima gari pale pale. Kama ningeendelea hata kilometa tano, leo ningekuwa nawaandikia habari ya injini.

Turbo ilipofunguliwa ndipo nilipoelewa. Hakukuwa na gololi hata moja ndani, kulikuwa na bushi za shaba. Bushi zenyewe si dhambi: VF39 zilitoka kiwandani na bushi kwenye Impreza STI na zinadumu vizuri. Lakini VF34 ni ya gololi, na mimi nililipia gololi. Fundi akanionyesha na jambo ambalo sikuwa nalijua. Turbo ya kiwandani inapimwa uwiano kwa mashine, na pale palipozidi uzito panasagwa kidogo, kwa hiyo kwenye nati ya mbele au kwenye kiini cha mapanga utakuta alama ndogo za kusagwa. Hii yangu ilikuwa laini kila mahali. Haikuwahi kupimwa. Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kitu kisicho na uwiano kwa kasi hiyo kinajiua chenyewe. Mapanga yalikuwa yamekula nyumba yake, na chenga za alumini zilikuwa zimeingia kwenye intakula, ile ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo.

Nilipompigia muuzaji, sentensi yake ya kwanza ilikuwa, "Fundi wako hakuweka oili." Hata hajauliza gari imefanya nini. Nikamtumia video ya ufungaji. Akanyamaza siku mbili, kisha akanizuia. Wale wenzangu watatu nao waliambiwa maneno hayo hayo, neno kwa neno. Mmoja wao alifukuza fundi aliyemtumikia miaka sita kwa sababu ya uongo huo, na hilo linaniuma kuliko hela yangu. Mwingine hata kufunga hakuweza: aliletewa turbo ya njia mbili za moshi, za aina ya VF37 zinazotumika kwenye STI za Japani, akiambiwa inaingia bila kubadili kitu. Haiingii. Inataka mabomba yake ya moshi kuanzia kwenye injini.

Mpaka sasa, kuvuta gari, intakula nyingine, oili mara mbili na kazi ya fundi, nimepita milioni mbili na bado natembea na TD04 yangu ya zamani.

Kama bado unatafuta, turbo ya bei nafuu ipo, ila nenda kainunue ikiwa bado imefungwa kwenye injini ya mtumba, uione ikifunguliwa mbele yako. Shika shafti: ukiivuta na kuisukuma mbele nyuma usisikie mchezo wowote, na mapanga yasiguse nyumba hata ukiegemeza upande. Kama huwezi kusafiri, mtume fundi unayemwamini akashike kwa mkono, mlipe nauli. Ni hela ndogo sana ukilinganisha. Ukikosa kabisa, ibaki TD04 yenye afya na kontroli boksi iliyopangwa vizuri. Mimi leo ningechagua hiyo.

Kwa aliyekwisha kuletewa mzigo na hajaufunga: usiufunge. Aliyefunga na anasikia mluzi, zima, usisubiri moshi. Ikishavunjika, usifunge turbo nyingine kabla hujashusha sampu (bakuli la oili chini ya injini), hujasafisha njia za oili na kuangalia boliti yenye wavu. Intakula yenye chenga usijidanganye kuiosha, tafuta nyingine, kwa sababu chenga zilizobaki ndani zitaenda kwenye silinda.

Namba zake sitaziweka hapa kwa sababu anabadilisha laini, na huenda kesho ikawa ya mtu asiyehusika. Nimeshafungua RB polisi, namba nilizonazo nimezituma 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na suala la chapa ya kughushi nimelipeleka Tume ya Ushindani, FCC. Aliyetapeliwa na huyu huyu atunze risiti ya basi, ujumbe wa muamala na turbo yenyewe, asiitupe kwa muuza chuma chakavu. Nina picha za turbo yangu ikiwa imefunguliwa, kibati, ribiti, nati na bushi. Mwenye mzigo wa kutoka kwake aniandikie nimtumie alinganishe kabla fundi hajashika spana.