Mafunzo ya huduma ya kwanza mtaani kwetu: nendeni, ila hakikisheni mnabonyeza mdoli wenyewe

Nimemaliza juzi yale mafunzo ya huduma ya kwanza kwa wakazi wa mtaa, siku mbili, Jumamosi na Jumapili, na naandika sasa hivi wakati mikono bado inakumbuka maana watu wananiuliza kama inafaa kutoa wikendi nzima. Inafaa. Ila kuna mambo hayajakaa sawa na nitayasema.

Kwanza kwa nini nilienda. Mwaka jana jirani yetu mmoja, mzee, alianguka ghafla mlangoni kwake, tukajaa pale watu kama kumi na tano, huyu anampepea, huyu anammwagia maji, huyu anapiga simu, mi nimemshika mkono namwita tu. Alikuwa anakoroma kwa vipindi, yani anavuta hewa kwa nguvu afu kimya kirefu, wote tukasema anapumua huyu, tusubiri gari. Hakufika hospitali. Sasa siku ya kwanza ya mafunzo, hata saa moja haijaisha, mwalimu akaiga ile sauti, ile ile kabisa, akasema hii siyo kupumua jamani, moyo ukisimama mwili unaweza kufanya hivi kwa muda, ukikuta mtu umemwita umemtikisa haitiki na anavuta hewa namna hii, tuma mtu apige simu na wewe uanze kubonyeza kifua, kuangalia kama anapumua kusizidi sekunde 10. Nilitoka nje kidogo. Nikarudi nikakaa. Kwa hilo moja tu hawa walimu wana heshima yangu yote.

Tukaja kwenye midoli, yani sanamu za umbo la mtu za kufanyia mazoezi ya kubonyeza kifua, na hapa ndo penyewe. Video nilikuwa nimetazama nyingi sana kwenye simu na nilijua naelewa, lakini video haikuonyeshi nguvu inayotakiwa. Kifua cha mtu mzima kinatakiwa kiingie sentimita 5, kisizidi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila ukibonyeza unaachia kirudi chote juu ndo ubonyeze tena, ukifika 30 unapuliza pumzi 2 unaendelea. Mdoli una kitu ndani kinalia tik ukifikia kina kinachotakiwa. Raundi yangu ya kwanza haukulia hata mara moja! Mwalimu akaja akanigusa kiwiko, akasema "dada hapa unakunja, nyoosha mikono, mabega yaje juu ya kifua chake, sukuma kwa uzito wa mwili." Nikanyoosha. Tik. Tik. Tik. Kabla dakika ya pili haijaisha jasho langu linadondoka kwenye shavu la mdoli, na hapo ndo nikaelewa kwa nini wanasema mpokezane kila dakika 2, kwa sababu mtu akichoka anabonyeza juu juu na mwenyewe hajijui.

Mwalimu alitusimulia pia kwamba mdoli wa aina hii ulitoka mwaka 1960, alioutengeneza Åsmund Lærdal wa Norway, mtu aliyekuwa anatengeneza vitu vya kuchezea watoto na ambaye kabla ya hapo alishawahi kumtoa mwanawe mdogo majini akiwa karibu kufa. Nilipiga magoti raundi ya pili nikiwa namfikiria huyo baba.

Kitu kingine nilichokipenda, walimu hawakudharau swali la mtu yeyote. Mzee mmoja aliuliza je nikimvunja mbavu, akajibiwa "baba, mbavu inaweza kuvunjika kweli, mbavu inapona, moyo uliosimama hausubiri." Dada mwingine akasema yeye hawezi kuweka mdomo wake kwa mtu asiyemjua, wakamwambia basi mtu mzima akianguka ghafla bonyeza tu kifua bila kuacha, hiyo nayo inaokoa, ila mtoto au aliyezama majini pumzi zinahitajika sana kwa sababu shida yake ilianzia kwenye hewa. Mashine ya kushtua moyo nayo tuliishika, na wengi wetu tuliiogopa bure, ukiiwasha inaongea yenyewe inakwambia bandika hapa, usimguse mgonjwa, na kama moyo hauhitaji kushtuliwa haishtui. Kila dakika inayopita moyo umesimama na hakuna aliyeanza kufanya kitu, nafasi ya mtu kupona inashuka kama asilimia 7 mpaka 10. Mi kila nikiisoma hiyo namba naturudisha pale mlangoni kwa mzee, tulisimama dakika ngapi.

Siku ya pili ilikwenda mbio. Kuungua, maji ya bomba ya baridi yatiririke dakika 20, siyo dawa ya meno wala mafuta. Damu inayotoka sana, kandamiza palepale usifunue funue kuchungulia. Kifafa, ondoa vitu vya kumuumiza, usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko mdomoni, angalia saa, ikipita dakika 5 ita ambulensi. Haya yalieleweka vizuri.

Sasa lawama. Tulikuwa watu thelathini na midoli minne, hesabu mwenyewe kila mtu alipata muda gani, na bado asubuhi ya siku ya kwanza saa zima na nusu liliishia kwenye slaidi za mishipa na vyumba vya moyo. Zile slaidi zingepunguzwa nusu watu wangebonyeza mara mbili zaidi. Kilichoniuma zaidi ni somo la mtoto mchanga aliyepaliwa. Mdoli wa kichanga ulikuwa mmoja tu na ulipofika safu yetu muda umeisha, tukaambiwa tutazame kwa mbali, wakati pale kuna kina mama watano walikuja kwa ajili ya hilo tu. Mtoto wa chini ya mwaka 1 hafanyiwi kama mkubwa, unampiga mgongoni mara 5 kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, unamgeuza unabonyeza kifua mara 5, tumboni haguswi, na kitu kama hicho mikono lazima ikifanye, macho hayatoshi. Nimewaandikia waandaaji kuhusu hili na wamesema watalirudia somo hilo peke yake, nitawasubiri.

Halafu cheti kinasema miaka 2 ila mikono inasahau ndani ya miezi michache tu, na wao hawakuwa na mpango wowote wa kutuita tena. Tumewaomba watuachie mdoli mmoja uzunguke nyumba kwa nyumba na kwa kweli wamekubali bila kusumbua.

Wiki hii uko kwangu sebuleni. Jana jioni mjukuu wa yule mzee alikuja, ana miaka 14, akauliza shangazi ndo huu? Nikamwonyesha pa kuweka mikono. Katika 30 zililia tik 11, akajifuta jasho akaomba arudie.